Mpira wa Maji wa Joto Kwenye RV: Dalili, Chanzo, na Mpira Upi wa Kununua

Baridi ikishuka chini ya sifuri, watu wanaoishi kwenye RV, zile nyumba za magurudumu, hulalamikia mambo yaleyale: maji yamekata alfajiri, mpira uko baridi, soketi inajizima, kiungio kinavuja. Wengi wao hawako matembezini. Ni manesi wa mikataba ya miezi mitatu mitatu, mafundi wa ujenzi na vibarua wa visima vya mafuta, na wamo pia wenzetu kutoka Afrika Mashariki walioona kodi ya nyumba Minnesota kule Marekani au Alberta kule Kanada haikamatiki. Kwao maji yakikata, hakuna kuoga kabla ya zamu.

Mpira wa joto ni mpira wa maji ya kunywa ambao ndani ya koti lake umepitishwa waya wa umeme wa kupasha joto. Una plagi ya volti 120, na mara nyingi una thamostati ndogo inayouwasha wenyewe baridi inapokaribia kiwango cha kugandisha. Unapogoma, lawama zote huelekezwa kwake, na mara nyingi hauna kosa. Maji hutoka kwenye bomba la kambi, yaani uwanja wa kuegesha RV, yakapita regyuleta ya presha (kifaa cha kupunguza nguvu ya maji), chujio, mpira, kisha kiungio cha ubavuni mwa RV na mabomba ya ndani. Barafu hushika pale ambapo waya wa joto haufiki. Kwa hiyo, kabla hujatoa pesa kununua mpira mwingine, ifuate njia yote ya maji.

Kabla ya kugusa chochote

Hapa maji na umeme vinakaa pamoja, kwa hiyo chomoa plagi ya mpira kabla ya kufungua kiungio chochote. Usiyeyushe barafu kwa moto wa wazi, uwe wa gesi au wa kiberiti: koti huyeyuka na waya ukabaki uchi. Usimwagie maji yanayochemka bomba lililoganda, kwa sababu plastiki iliyokwisha kubanwa na barafu hupasuka. Tumia draya ya nywele iliyochomekwa kwenye soketi ya GFCI, yaani ile yenye vitufe vya TEST na RESET inayojizima umeme ukivuja, na uishike mbali na theluji na maji. Kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu pia kinafaa.

Ukigusa bomba, mlango au ngazi ya RV ukahisi umeme unakutekenya vidole, hilo si suala la mpira tena. Achia, usiguse chuma chochote, waondoe watoto karibu, mwite fundi umeme pamoja na uongozi wa kambi. Hata kama mtekenyo ni mdogo, usiendelee kupima.

Dalili ya 1: Maji hayatoki kabisa, lakini mpira una joto

Hii ndiyo inayowasumbua watu wengi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Anza na kipimo kimoja kitakachokuokolea muda. Funga bomba la kambi, chomoa plagi, fungua mpira upande wa RV, uelekeze kwenye ndoo, kisha fungulia bomba. Maji yakitoka kwa nguvu, mpira na bomba havina tatizo; barafu iko ndani ya RV. Yasipotoka, barafu iko kwenye mpira, kwenye vifaa vilivyofungwa kabla yake, au kwenye bomba lenyewe.

Chanzo kinachoongoza ni viungio. Waya wa joto huishia sentimita chache kabla ya nati ya shaba, na shaba hupoteza joto upesi. Hapo ndipo barafu huanzia, kipande kifupi kama cha kidole, na kinatosha kuziba njia yote. Fungua kwanza bomba la jikoni la RV ili maji yapate pa kutokea, kisha pasha nati kwa draya polepole. Yakianza kutoka, kausha kiungio, kifunike kwa sponji ya mabomba, na juu yake zungushia tepu ya alumini. Kifuniko kianzie juu ya koti la mpira lenyewe, si kwenye nati tu, ili joto la mpira litambae hadi kwenye shaba. Lakini usifunike thamostati. Sababu yake nitaieleza kwenye dalili ya 2.

Cha pili ni regyuleta na chujio. Regyuleta ya shaba inayoning'inia kwenye bomba la kambi haina joto lolote, na chujio la plastiki lililojaa maji hupasuka, kwa sababu maji yakiganda huvimba kwa takriban asilimia 9. Majira ya baridi vihamishie ndani ya kabati la maji la RV, lile linalopashwa joto. Kumbuka tu kwamba ukishahamisha regyuleta, mpira utabeba presha nzima ya kambi, kwa hiyo soma kwenye lebo yake unavumilia presha ya psi ngapi.

Cha tatu ni bomba la kambi. Kambi zinazofunguliwa wakati wa baridi huwa na bomba refu la mkono wa juu ambalo vali yake iko chini ya ardhi, mahali ambapo udongo haugandi. Kule Minnesota, kanuni za ujenzi zinataka misingi izame inchi 42 upande wa kusini na inchi 60 upande wa kaskazini, na ndiyo picha ya jinsi baridi inavyochimba. Ukifunga bomba la aina hii, maji yaliyobaki juu huteremka na kutokea kwenye tundu dogo kule chini. Ukiliacha wazi usiku kucha, na mpira umeunganishwa, safu yote ya maji iliyo juu ya ardhi husimama humo, na kama kambi haikulifunga waya wa joto, litaganda. Ukilifungua nusu ni kubaya zaidi: maji huvujia ardhini kupitia tundu lile mfululizo. Liwe wazi kabisa au limefungwa kabisa. Likiganda, usilitingishe, usichimbe; ni mali ya kambi, waite wenyewe.

Cha nne kiko ndani ya RV, na chanzo chake ni kitu ambacho watu hawakitarajii: hita ya umeme. RV nyingi hupitisha hewa ya moto ya tanuru la gesi hadi chini ya sakafu, ambako mabomba na matangi yapo. Ukiweka hita ya umeme sebuleni ili kuokoa gesi, thamostati ya ukutani inaona chumba kina joto la kutosha, tanuru haliwaki, na chini kunaganda huku wewe juu umevaa fulana. Acha tanuru lifanye kazi usiku, fungua milango ya makabati ya chini ya sinki, na uweke kipimajoto cha bei ndogo kwenye kabati la maji.

Barafu ya ndani ikiyeyuka, mtu mmoja akae kwenye bomba la kambi tayari kulifunga. Vali ndogo ya plastiki kwenye kiungio cha ubavuni ndiyo hupasuka mara kwa mara, na hutaona mpasuko mpaka maji yarudi. Ukisikia maji yanatiririka ukutani au chini ya sakafu, funga na uite fundi wa RV. Maji ndani ya ukuta wa RV hulowesha sponji na mbao, na kukausha baadaye ni gharama kubwa.

Dalili ya 2: Mpira uko baridi kabisa

Angalia umeme kwanza. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ileile. Soketi ya nje ya RV mara nyingi hulindwa na soketi ya GFCI iliyoko bafuni. Ya bafuni ikijizima, ya nje nayo inakufa kimya kimya. Bonyeza RESET bafuni, na kwenye nguzo ya umeme ya kambi pia.

Umeme ukiwepo, huenda mpira bado haujafika wakati wake wa kuwaka. Thamostati nyingi hungoja mpaka baridi ikaribie kugandisha, kwa hiyo mpira mpya ukiujaribu sebuleni hautapata joto, na wapo waliorudisha dukani mpira mzima kwa sababu hiyo tu. Weka mfuko wa barafu juu ya thamostati, ile nundu iliyo karibu na plagi kwenye mipira mingi, ungoje kama nusu saa, kisha shika mpira.

Chanzo kinachofuata ni mahali thamostati ilipokaa. Ikiwa imeingizwa ndani ya kabati lenye joto, imevikwa sponji, au imelala juani ubavuni mwa RV, itadhani hakuna baridi wakati sehemu iliyobaki ya mpira imelala juu ya barafu. Ikae nje, kivulini, kwenye hewa ileile inayougandisha mpira.

Baada ya hapo ndipo ushuku waya wenyewe. Kifaa cha kupima wati, kile kinachochomekwa kati ya plagi na soketi, kitakuonyesha mara moja. Barafu ikiwa juu ya thamostati na kipimo kikasoma sifuri, waya umekatika au thamostati imekufa. Mwenye multimita anaweza kupima ukinzani kwenye pini mbili bapa za plagi, ikiwa imechomolewa na barafu iko juu ya thamostati. Kwa mipira ya waya wa kawaida, zidisha volti kwa volti, ugawe kwa wati za kwenye lebo: mpira wa wati 180 utasoma karibu omu 80. Mipira inayojipunguza joto yenyewe haifuati hesabu hiyo, hiyo ipime kwa wati tu. Ukiona waya umekufa, tupa mpira. Mpira wa joto haukatwi ukaungwa, wala haufunguliwi kubadilishwa thamostati. Aliyekwambia inawezekana hajafikiria kwamba maji ya watoto wako yanapita sentimita moja kutoka kwenye waya huo.

Dalili ya 3: Soketi au breka inajizima

Tofautisha mambo mawili. Breka ikiruka, kwa kawaida ni mzigo umezidi. Hita moja ya wati 1,500 hula ampea 12.5, na RV ya ampea 30 ina wati 3,600 kwa jumla. Hita mbili zikiwaka pamoja na kikausha nywele, tayari umevuka. Chomeka mpira kwenye soketi ya ampea 20 ya nguzo ya kambi badala ya kuulisha kutoka ndani ya RV, na tatizo mara nyingi linaisha hapo.

GFCI ikijizima, umeme unavujia mahali fulani. Kifaa hicho hukata kuanzia kama miliampea 5, na kinacholindwa nacho ni moyo wako. Sababu ya kawaida ni unyevu: plagi imelala kwenye theluji, au ekstensheni imeungwa juu ya dimbwi. Zima breka, chomoa, kausha kabisa, inua kiungio kutoka ardhini, na kiweke ndani ya kasha la kuzuia maji, tundu likitazama chini. Kisha jaribu tena. Ikijizima tena mpira ukiwa mkavu, jaribu soketi nyingine ya GFCI bila ekstensheni. Ikijizima na huko, koti limechubuka au maji yameingia kwenye waya. Mpira huo umekwisha.

Usihamie kwenye soketi isiyo na GFCI ili tu ukae na maji. Nalisema kwa uzito kwa sababu ndilo jambo la kwanza mtu aliyechoka hulifikiria saa kumi alfajiri. Na kama GFCI inajizima hata mpira ukiwa haujachomekwa, tatizo liko kwenye nguzo au ndani ya RV. Mwite fundi umeme.

Dalili ya 4: Una joto, lakini hautoshi

Maji yanakuwa membamba usiku, yanarudi mchana, au yanaganda siku ya upepo peke yake.

Tazama ekstensheni. Waya mwembamba na mrefu hula volti njiani, na joto hushuka kwa mraba wa volti: kwenye mpira wa waya wa kawaida, volti 120 zikishuka hadi 108, yaani asilimia 10, joto hubaki asilimia 81. Usiku wa baridi kali kambi nzima huwasha hita na volti za nguzo hushuka zenyewe, kwa hiyo wewe usiongeze hasara. Tumia ekstensheni fupi ya nje, geji 12 au 14 (namba ikiwa ndogo, waya ni mnene), au usiitumie kabisa.

Kisha soma kiwango cha mpira. Lebo nyingi husema nyuzi 20 chini ya sifuri za Fahrenheit, ambazo ni kama nyuzi 29 chini ya sifuri za Selsiasi. Mingine husema 40 chini ya sifuri, na hapo vipimo vyote viwili vinakutana. Upepo haushushi baridi ya mpira kupita ile ya hewa, ila hulinyang'anya koti joto haraka. Siku ya upepo mkali usitegemee kiwango cha lebo hadi nyuzi ya mwisho. Unaweza kuuhifadhi mpira kwa ubao wa kuzuia upepo, lakini usiukunje juu ya wenyewe, usiuzike, usiufunike blanketi. Mpira uliojikunja hupashana joto wenyewe kwa wenyewe mpaka koti likayeyuka.

Na kama maji ni membamba mchana kutwa, barafu haihusiki. Fungua kichujio kidogo cha wavu kwenye kiungio cha RV, utakuta mchanga au kutu. Kama hakuna, tazama regyuleta; zile ndogo za bei ya chini hubana maji sana.

Dalili ya 5: Unavuja kwenye kiungio

Tatizo ni washa, ile pete bapa iliyo ndani ya nati. Ya raba hukakamaa kwenye baridi, ibadilishe. Nyuzi za mipira ya Marekani, za inchi tatu kwa nne, hazizibwi kwa tepu nyeupe. Kinachoziba ni washa, kwa hiyo tepu haitakusaidia. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Ukikaza kwa hasira utapasua kiungio cha plastiki cha RV. Mvujo unaotoka katikati ya mpira hauna tiba: zima umeme kwenye breka kwanza, funga maji, kisha uondoe mpira.

Dalili ya 6: Maji yana ladha ya plastiki

Mpira mpya usuuze kwa dakika kadhaa. Uliolala na maji ya vuguvugu usiku kucha, acha yatoke kidogo asubuhi kabla ya kujaza birika. Ladha ikiendelea kwa siku kadhaa, angalia kama mpira una alama ya maji ya kunywa, mfano NSF/ANSI 61. Usipoiona, usinywe maji yake.

Dalili ya 7: Harufu ya kuungua, plagi ya moto, koti limevimba au kubadilika rangi

Hapa hakuna uchunguzi wa hatua kwa hatua. Zima breka ya nguzo, ndipo uchomoe. Mpira huo usirudi kwenye umeme, hata kama leo usiku utakosa maji. Kama soketi ya nguzo imeungua au imelegea, usichomeke kitu kingine humo mpaka fundi wa kambi aibadilishe.

Ukienda kununua

Pima kwanza umbali kutoka bomba hadi RV, kisha nunua urefu unaolingana nao, na futi chache za kulegea. Watu hununua futi 50 "kwa usalama", kisha futi 30 zinabaki zimekunjwa kwenye theluji, jambo ambalo watengenezaji wenyewe wanalikataza. Futi 25 huwatosha wengi. Kama mpira hautafika, sogeza RV kabla ya kufikiria kuunganisha mipira miwili.

Angalia plagi iko upande gani. Ikiwa upande wa bomba, ambako nguzo ya umeme kwa kawaida iko karibu, hutahitaji ekstensheni, na nusu ya matatizo niliyoyataja haitakufikia. Baadhi ya mipira hukuruhusu kuchagua upande. Kwa anayehamahama kambi, hiyo inastahili bei yake.

Kiwango cha baridi ukichague kwa usiku mbaya kabisa wa mahali utakapokaa, si kwa wastani. Texas na Tennessee, mpira wa nyuzi 20 chini ya sifuri unatosha vizuri. North Dakota, Minnesota ya kaskazini au Alberta, chukua wa 40 chini ya sifuri. Mpira wa kujitengenezea, wa kawaida uliozungushiwa waya wa joto kisha ukavikwa sponji, nimeona watu makini wakiutumia vizuri, lakini simshauri anayeanza: waya ukipishana mahali pamoja tu, unaunguza mpira.

Na kuna usiku ambao hata mpira bora usiuunganishe. Utabiri ukikaribia kiwango cha lebo, jaza tangi la maji safi la RV jioni, chomoa, funga bomba la kambi, mwaga maji yaliyo ndani ya mpira, na utumie pampu ya RV hadi asubuhi. Kuacha bomba la ndani likidondosha matone usiku kucha si suluhisho kwenye RV: tangi la maji machafu hujaa, na ukiacha vali yake wazi, matone huganda kwenye mpira wa kutolea taka na kujenga barafu ngumu humo. Ukitaka kuukunja mpira wakati wa baridi, uache kwanza uwe na joto ili ulainike, chomoa, mwaga maji yote, ndipo uuviringishe kwa duara pana. Ukikunjwa ukiwa umekakamaa kwa baridi, waya wa ndani hukatika bila koti kuonyesha alama yoyote.